Mpinzani na Ngeli Yake: Uhakiki wa Lugha ya Majibizano ya Kisiasa, kutoka Lamu hadi Tala

1. Lengo la makala

Wahakiki wa Kiswahili wameandika mengi juu ya yale wanayoyasema watu wa siasa, na machache sana juu ya namna wanavyojibizana. Hotuba huchambuliwa kwa tamathali zake, na ushairi wa kisiasa huchambuliwa kwa maudhui yake. Lakini jibu, yaani tamko ambalo haliwezi kueleweka sawasawa mpaka tulijue tamko lililolitangulia, halijapata wahakiki wa kutosha. Makala haya yanakusudia kulitazama jibu hilo, na hasa kuuliza: mtu anapokutana na rai ya kisiasa asiyoikubali, humfanya nini mwenye rai hiyo katika sentensi?

Hoja yetu ni ya kisarufi. Tunadai kwamba mpinzani anaweza kuwekwa mahali patatu katika lugha. Aweza kuwa nafsi ya pili, mtu anayeambiwa. Aweza kuwa nafsi ya tatu iliyotendwa, mtu anayesemwa kana kwamba hakutenda lolote kwa hiari yake. Na aweza kutolewa kabisa katika ngeli ya watu, akawa kitu. Kila hatua humweka mbali zaidi na jibu, na hatua ya tatu, kama historia ya Kenya inavyoonyesha, inaweza kutangulia umwagaji wa damu. Kwa hiyo suala hili la sarufi si la darasani tu.

Tumechagua kulichunguza kwa kutoka Lamu mpaka Tala. Lamu haihitaji kutambulishwa kwa wasomaji wa jarida hili. Tala ni mji wa soko katika sehemu ya Matungulu, Machakos, kwenye barabara ya Kangundo itokayo Nairobi. Wenyeji wake wengi husema Kikamba nyumbani, na Kiswahili sokoni, garini na mbele ya mgeni. Tala haina hati za kale za mashairi wala haina wazee wa vina. Ni kwa sababu hiyo hiyo tunaitaja: Waswahili wa leo walio wengi hukijifunza Kiswahili mahali kama Tala, wala si Mkomani.

2. Majibizano ya Kuduhu

Katika miaka ya 1812 hadi 1814 hivi, Lamu ilikabiliana na Pate iliyoungana na Mombasa ya Mazrui. Mgogoro huo uliishia ufukoni Shela, katika vita ambavyo Waswahili huviita Vita vya Kuduhu, na Lamu ikashinda. Silaha hazikuwa chombo pekee cha mgogoro huo. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, na Lamu ilikuwa na Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi na mshairi kwa pamoja. Tungo zilipelekwa na kurudishwa kati ya miji hiyo. Hichens alizichapisha tungo za Muyaka mwaka 1940, M. H. Abdulaziz akazichambua kwa mapana katika kitabu chake cha 1979, na Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff wakayakusanya mashairi ya vita hivyo ya pande mbalimbali katika kitabu cha 1995.

Anayezisoma tungo za kujibizana huona kwanza kwamba anayejibu hubanwa na aliyeanza. Ada ya kujibizana humtaka afuate bahari ya mwenziwe, aghalabu ashike na vina vyake, kisha alichukue fumbo alilofumbiwa na aligeuze kutoka ndani. Aliyefumbiwa kwa chombo hajibu kwa ng'ombe. Matokeo ya ada hii ni makubwa kuliko tunavyodhani tunapoifundisha kuwa kanuni ya umbo tu. Mtu hawezi kuyageuza maneno ambayo hakuyasikia. Kabla hajajibu imempasa ayakariri maneno ya adui yake mpaka ayajue kama yake. Kwa hiyo umbo lenyewe la shairi lilimlazimisha mshairi kusikiliza, hata kama moyo wake haukutaka.

Jambo la pili ni nafsi. Katika majibizano, mpinzani huitwa na huambiwa. Aweza kuambiwa kwa dharau, kwa vitisho au kwa kejeli kali, lakini maneno yanaelekezwa kwake, na yeye ndiye anayetarajiwa kuyapokea na kuyarudisha. Adui ni msikilizaji.

Hatuna budi kujihadhari tusiipambe pwani kuliko ilivyokuwa. Ushairi haukuzuia vita vya Kuduhu, na baadhi ya tungo hizo zilikusudiwa kuvichochea. Baada ya ushindi Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said bin Sultan wa Oman, na nguvu za Oman zikakua mpaka utawala wa Mazrui mjini Mombasa ukaangushwa mwaka 1837. Tena waliokaa barazani kujibizana walikuwa zaidi waungwana wanaume. Mtumwa hakuulizwa rai yake, na mwanamke aliisikia baraza kutoka ndani ya nyumba. Lakini jambo moja limebaki: kwa kuwa kila upande ulizihifadhi tungo zilizojibu tungo za upande mwingine, sisi tuliozaliwa baadaye tunazo hoja za mshindi na za mshindwa. Hiyo si faida ndogo. Vita vingi vya karne iliyofuata havikutuachia sauti ya pande mbili.

3. Baraza lilipofika Ukambani

Neno baraza linaweza kutupitisha kutoka pwani hadi bara. Kwa asili ya matumizi ya pwani, baraza ni ile sehemu ya kukalia iliyojengwa mbele ya nyumba, ambapo wenyeji na wageni huketi wakazungumza kwa zamu. Wakamba nao walikuwa na mahali pao pa namna hiyo. Thome ni uwanja ulio mbele ya boma, penye moto, ambapo wanaume waliketi wakasemezana juu ya mifugo, kesi na mambo ya nchi. Thome nayo ilikuwa ya wanaume, kama baraza. Lakini ilikuwa mahali pa kusemezana.

Serikali ya kikoloni ililichukua neno la pwani na kulipeleka bara, ila maana haikusafiri nalo yote. Baraza ya chifu ikawa mkutano ambao mmoja husimama na wengine huketi chini; mmoja hutangaza na wengine huarifiwa. Lugha yake ikawa lugha ya kauli ya kutendwa: wananchi wanatakiwa, mnaombwa, inaagizwa. Anayetaka, anayeomba na anayeagiza hatajwi. Aliyekwenda barazani Machakos katika miaka hiyo alijifunza Kiswahili cha kuamriwa. Methali iliyomfaa ni ile ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu.

Mwaka 1938 unaonyesha jinsi mpango huo ulivyofanya kazi. Serikali ilidai kwamba ardhi ya Machakos inaharibika kwa sababu ya wingi wa mifugo, ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuwauza. Wenyeji walikuwa na hoja ya pili: ardhi imebanwa, kwa kuwa malisho yao mengi yamechukuliwa na walowezi. Hizi zilikuwa rai mbili juu ya jambo moja linaloonekana kwa macho, na zingeweza kujibizana. Barazani hapakuwa na nafasi ya jibu, ndipo maelfu ya Wakamba, Muindi Mbingu akiwa miongoni mwa viongozi wao, wakaenda Nairobi kwa miguu na kupiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana. Mbingu alikamatwa, akahamishiwa Lamu. Baadaye mpango wa kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe uliachwa, jambo linaloonyesha kwamba hoja ya wenyeji haikuwa ya kupuuzwa.

Wakoloni walipenda kuueleza upinzani wa aina hii kwa neno moja: watu wamechochewa. Tunaomba msomaji alikumbuke neno hilo na kauli yake, kwa kuwa tutakutana na ndugu zake.

4. Ametumwa, amelipwa, amepotoshwa

Anayesikiliza mabishano ya siasa katika soko la Tala wakati wa uchaguzi, au katika soko lingine lolote la Kenya, atasikia vitenzi vichache vikirudiwa. Mtu akitoa rai isiyopendwa, jibu halianzi na rai yake. Linaanza hivi: huyo ametumwa. Au: amelipwa. Au, kwa upole zaidi: amepotoshwa. Akisisitiza, huulizwa: nani amekutuma?

Vitenzi hivi vyote ni vya kauli ya kutendwa, na hilo si jambo la bahati. Kauli ya kutendwa huwezesha mtendaji kuachwa bila kutajwa. Ametumwa na nani? Mara nyingi msemaji hasemi, kwa kuwa hana haja ya kusema. Kazi ya kitenzi si kumfichua mtumaji bali kumfuta aliyesema. Mtu aliyesema kwamba barabara haikujengwa, na ambaye angeweza kujibiwa kwa kuonyeshwa barabara, sasa si msemaji tena. Ni barua iliyobebwa. Na barua haijibiwi, hujibiwa aliyeiandika, naye hayupo.

Kikamba, kama lugha nyingine za Kibantu, kina kauli yake ya kutendwa. Kwa hiyo hatudai kwamba Kiswahili ndicho kilicholeta desturi hii Ukambani. Wala hatudai kwamba hakuna anayetumwa au kulipwa. Fedha za siasa zinagawiwa Kenya, na wapigakura wanalijua hilo vizuri kuliko wahakiki. Tunachodai ni kwamba malipo hayajibu hoja. Mtu aliyelipwa anaweza kusema kweli, na mtu asiyelipwa hata senti anaweza kusema uongo.

Historia ya sehemu hii yenyewe inatufundisha kutoharakisha kumfuta mpinzani. Paul Ngei wa Kangundo alifungwa na wakoloni pamoja na Jomo Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Mwaka 1962 aliiacha KANU na kuunda chama cha African People's Party. Mwaka 1963 akarudi KANU. Katika muda wa mwaka mmoja hivi mtu huyo huyo alikuwa mwenzetu, mpinzani, kisha mwenzetu tena. Aliyesema mwaka 1962 kwamba Ngei ametumwa alipaswa mwaka 1963 kumtafutia kitenzi kingine. Aliyekuwa amezijibu hoja zake hakuwa na haja ya kubadili sarufi.

5. Jibu la gereza na jibu la shairi

Baada ya uhuru, dola yenyewe ilionyesha mara nyingi kwamba haitaki kujibizana. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla wa Mombasa, kijana aliyekiunga mkono chama cha upinzani cha KPU, aliandika karatasi iliyoitwa Kenya: Twendapi? Kichwa chake ni swali, na swali ndiyo namna ya usemi inayodai jibu kuliko nyingine zote. Jibu lilikuwa kifungo cha miaka mitatu. KPU nayo ilipigwa marufuku mwaka 1969.

Kinachotuhusu hapa ni alichokifanya mfungwa huyo kwa lugha. Miongoni mwa tungo alizozitunga gerezani, zilizochapishwa mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, mna shairi la majibizano liitwalo Mnazi: Vuta N'kuvute. Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Wahakiki wengi wamelisoma kuwa fumbo la nchi na neema zake, na usomaji huo una msingi. Lakini kwa kuharakia maana ya mnazi, hatujayapa uzito wa kutosha majibizano yenyewe. Mtu aliyefungwa kwa kuuliza swali angeweza kumwandikia mdhalimu wake hotuba ya kumlaani, na asingelaumiwa. Badala yake alirudi katika ada ya Kuduhu: akawapa wote wawili sauti, akawafungamanisha kwa umbo moja, na kila mmoja akaambiwa kwa nafsi ya pili. Aliyetwaa zaidi ya haki yake anabaki kuwa ndugu, na anabaki kuwa na maneno ya kujitetea.

Tunaamini kwamba nguvu ya kisiasa ya shairi hilo imo humo. Msomaji anayesikia upande mmoja anaweza kudhani kwamba dhuluma haina hoja, na kwamba inatosha kuipigia kelele. Anayezisikia pande mbili hujifunza kwamba dhuluma ina hoja, tena zenye kuvutia, na kwamba ni lazima zijibiwe moja baada ya nyingine. Kumpa mpinzani sauti si kumpendelea. Ni kumnyima nafasi ya kujificha.

Hapa huenda mtu akatupinga kwa mfano wa Bunge. Kufuatia agizo la Rais Kenyatta la mwaka 1974, Kiswahili kilianza kutumika katika Bunge la Kenya, na kanuni za Bunge hazimruhusu mbunge kumwambia mwenzake moja kwa moja. Husema na Spika, na mpinzani wake humtaja kwa nafsi ya tatu. Je, huko si kumfuta? Tunajibu kwamba sivyo. Mbunge anayetajwa yupo, anasikia, anaitwa mheshimiwa, na anayo haki ya kusimama na kujibu. Nafsi ya tatu haidhuru inapokuwa njia ya kumfikia mtu. Hudhuru inapokuwa njia ya kumkwepa.

6. Nje ya ngeli ya watu

Hatua ya tatu ndiyo ya hatari. Katika baadhi ya sehemu za Bonde la Ufa, neno madoadoa lilitumika katika siasa za uchaguzi kuwataja wakazi waliotoka jamii nyingine. Tazama kilichotendeka kisarufi. Jirani anayepatanishwa kwa a- na wa- amekuwa kitu kinachopatanishwa kwa ya-. Mtu husemeshwa, doa hufutwa. Kwekwe nayo hung'olewa. Kitenzi kinachofuata hakichaguliwi tena na msemaji, kimeshachaguliwa na nomino. Hata mende, ambaye sarufi yetu humpa upatanisho wa viumbe hai, ana kitenzi chake kinachomngoja, nacho si kujibiwa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 waliuawa watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Hatusemi kwamba waliuawa na ngeli. Waliuawa na watu, kwa sababu za ardhi, mamlaka na kura ambazo wanahistoria wamezieleza. Lakini mkono unaomwendea jirani aliyezoeleka kwa miaka mingi unahitaji lugha iliyokwisha kumwondoa katika ujirani. Tume ya Taifa ya Utangamano na Uwiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ililielewa jambo hili ilipotoa Aprili 2022 orodha ya maneno ya chuki, madoadoa, mende na kwekwe yakiwemo. Orodha ina manufaa, lakini ina upungufu ambao mwanaisimu huuona upesi. Chuki haimo katika neno peke yake. Imo katika nafasi anayopewa mtu. Neno moja likikatazwa, nomino nyingine ya ngeli isiyo ya watu hushika mahali pake, na orodha huwa nyuma daima.

7. Kejeli inayoita na kejeli inayofuta

Tuchukue mfano wa karibu zaidi ili tuupime msimamo wetu. Mwezi Juni 2024 vijana wa Kenya waliupinga Muswada wa Fedha wa mwaka huo. Tarehe 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi. Mwito uliosikika sana ulikuwa: Zakayo, shuka. Asili yake ni Injili ya Luka, sura ya 19, ambamo mkubwa wa watoza ushuru anaambiwa ateremke kutoka mkuyuni.

Wako waliouona mwito huo kuwa matusi. Kwa kipimo chetu ni kejeli, tena kali, lakini ni kejeli ya nafsi ya pili. Ina jina la kuita na kitenzi cha kuamrisha, na ina hoja ndani yake, yaani kodi. Anayeijua hadithi anajua pia kwamba Zakayo alishuka, akakaribisha mgeni nyumbani, akaahidi kurudisha alichodhulumu. Aliyekejeliwa ameachiwa mlango. Muyaka na Zahidi wasingeshindwa kuutambua mchezo huu, na angekuwapo mshairi mzuri upande wa serikali angelichukua fumbo hilo hilo la mti na kulijibu.

Jibu lililosikika kwa baadhi ya viongozi lilikuwa jingine: vijana wamefadhiliwa kutoka nje. Ni kauli ile ile ya kutendwa, ndugu wa wamechochewa ya wakoloni. Lakini haki inatudai tuseme na upande wa pili. Wakati huo huo, mwananchi aliyesema kwamba serikali inahitaji kodi ili ilipe madeni, rai ambayo mtu mwaminifu anaweza kuwa nayo, aliambiwa upesi kwamba amehongwa. Walioilaumu serikali kwa kutosikia walitumia sarufi yake. Basi ugonjwa huu hauna chama.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika Kiswahili kumjibu mpinzani kuna umbo lake, na kwamba umbo hilo lilifundishwa pwani kwa ada ya kujibizana, likapotea njiani wakati baraza ilipogeuzwa kuwa mahali pa kuarifiwa. Thome nayo ilikuwa na ada yake ya kusemezana, ambayo watafiti wa Kikamba wangetusaidia sana kuieleza kabla wazee waliokaa hapo hawajaisha. Hatupendekezi kwamba wafanyabiashara wa Tala wajibizane kwa mizani kumi na sita. Tunapendekeza jambo jepesi zaidi kulieleza, na gumu zaidi kulitenda.

Walimu wa Kiswahili katika vyuo na shule tumezoea kuwapa wanafunzi mijadala ambamo kila upande husoma hotuba yake na kuketi. Huo ni ubao wa matangazo wenye pande mbili. Tuwatake, kabla ya kujibu, waseme kwanza kwa nafsi ya pili na kauli ya kutenda: umesema kwamba hivi, kwa sababu hii. Mwenye rai akubali kwamba ndivyo alivyosema, ndipo jibu lianze. Mwanafunzi asiyeweza kuieleza rai ya mwenziwe mpaka mwenye rai akaridhika, asipewe alama za jibu, hata liwe fasaha namna gani.

Nasi wahakiki tuanze na nafsi zetu. Katika ubishi wa vina na mizani uliotushughulisha tangu miaka ya 1970, wako waliojibiwa kwa hoja zao, na wako walioambiwa tu kwamba wamekengeushwa na fasihi ya kigeni, au kwamba wamefungwa na ukale. Vitenzi hivyo tumekwisha kuvieleza.